Miaka ya Kuhesabiwa: Historia ya Lizi za Ardhi kutoka Kuresoi hadi Fleti za Nakuru

Lizi ni haki ya kutumia ardhi kwa miaka iliyotajwa kwenye hati. Miaka hiyo ikiisha, ardhi na kila kilichojengwa juu yake hurudi kwa mwenyewe, na nchini Kenya mwenyewe huyo, kwa viwanja vingi vya mijini, ni serikali. Mtu mwenye fleti mtaa wa Milimani au Section 58 mjini Nakuru anaweza kuwa amelipa bei yote na kukabidhiwa hati yenye jina lake, kumbe alichonunua ni miaka tu: ile iliyobaki katika 99 aliyopewa mtu wa kwanza kugawiwa kiwanja hicho. Miaka hiyo inaongezwaje, na aombwe nani? Majibu ya maswali haya yalianza kutungwa Nakuru ikiwa bado stesheni na maduka machache ya mabati, na yalitungwa kwa ajili ya mashamba zaidi kuliko nyumba. Mashamba yenyewe ni yale ya Njoro, Molo na mteremko wa Mau, ambako leo yako maeneobunge ya Kuresoi Kaskazini na Kuresoi Kusini.

Kabla ya reli hakuna aliyehesabu miaka ya ardhi katika milima hiyo. Waogiek walikuwa na kanda zao za msitu, kila ukoo na wake, zilizopanda kutoka mabondeni hadi kwenye mianzi ya juu ili watu wafuate nyuki na maua kwa misimu. Wakipsigis walikuwa upande wa magharibi. Wamaasai walilisha tambarare ya Bonde la Ufa, Nakuru hadi Naivasha. Haki ya mtu ilitokana na ukoo, rika na matumizi. Mpaka ulijulikana kwa mto, kilima au mzinga wa nyuki, na haukuwa na tarehe ya kwisha.

Hesabu ya miaka ililetwa na dola. Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki mwaka 1895, na kanuni za ardhi za 1897 zikampa Kamishna uwezo wa kutoa vyeti vya ukaaji vya miaka 21. Walowezi waliiona miaka hiyo kuwa haba. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901, ikipitia Mau Summit, mlangoni mwa Kuresoi ya leo, na serikali iliyoijenga kwa gharama kubwa ilitaka wakulima wa kuipa mizigo. Sheria ya Ardhi ya Taji, yaani ya ufalme wa Uingereza, ya 1902 ikaruhusu ardhi kuuzwa moja kwa moja au kukodishwa kwa miaka 99. Mwaka uliofuata Lord Delamere alipewa ekari 100,000 karibu na Njoro kwa lizi ya miaka 99, kodi ya pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 kuliendeleza shamba ndani ya miaka 5 ya kwanza. Sharti la kuendeleza halijatoka kwenye lizi za Kenya hadi leo. Mwenye kiwanja mjini bado hutakiwa kujenga ndani ya muda fulani, na ofisa anayeshughulikia ombi la kuongeza miaka bado huuliza kama masharti ya lizi ya kwanza yalitimizwa.

Wakati huohuo ulifanywa mkataba wa namna nyingine. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka Bonde la Ufa, sehemu yao wakapelekwa Laikipia na wengine kusini mwa reli, kwa makubaliano yaliyoahidi kwamba hifadhi hizo zingekuwa zao kwa muda wote ambao Wamaasai wangekuwapo duniani. Ahadi hiyo haikuwa na idadi ya miaka, na ilidumu miaka 7. Mwaka 1911 wa Laikipia walitakiwa kuhama tena. Walipokwenda mahakamani, kesi yao ilitupwa mwaka 1913 kwa hoja kwamba makubaliano yale yalikuwa mapatano baina ya mataifa mawili, jambo lisilo ndani ya uwezo wa mahakama. Aliyeahidiwa milele alinyimwa hata baraza la kumsikiliza, huku aliyeandikiwa miaka 99 kwenye karatasi ya Taji akiwa na kitu ambacho mahakama ilikitambua. Wenyeji walijifunza hapo kwamba serikali ile iliheshimu idadi iliyoandikwa kuliko neno.

Lakini hata miaka 99 haikuwatosha walowezi. Walidai kwamba benki hazingewakopesha vya kutosha, na kwamba mtu hawezi kupanda miti, kujenga nyumba ya mawe na kulea kizazi kwenye ardhi ya kukodi. Sheria mpya ya Ardhi ya Taji ya 1915 ikawapa miaka 999 kwa ardhi ya kilimo, na wenye lizi za zamani za miaka 99 wakaruhusiwa kuzibadilisha. Hilo ndilo ongezeko kubwa zaidi la muda wa lizi katika historia ya Kenya. Halikuhitaji kila mwenye shamba apeleke ombi na kuthibitisha mwenendo wake. Lilitolewa kwa sheria, mara moja, kwa kundi lenye sauti katika baraza la kutunga sheria. Lizi ya 1903 iliyokuwa iishe mwaka 2002 sasa ingeweza kusogezwa hadi karne ya 30. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mpango wa 1919 wa kuwagawia ardhi wanajeshi wa zamani ulileta walowezi wengine nyanda za juu, nao wakaikuta miaka 999 tayari ipo mezani.

Wahindi hawakupata miaka hiyo. Tangu ahadi za Lord Elgin, Waziri wa Makoloni, miaka ya 1906 na 1908, serikali ilikuwa na desturi ya kutowapa Wahindi mashamba katika nyanda za juu, na sheria ya 1915 ikampa Gavana uwezo wa kuzuia ardhi isiuzwe kutoka rangi moja kwenda nyingine. Ardhi waliyoweza kuipata ilikuwa mjini: ploti ya duka na chumba cha kulala nyuma yake, au baadaye jengo la ghorofa lenye duka chini na familia juu. Ploti hizo zilitolewa kwa lizi za miaka 99. Mfanyabiashara wa Nakuru aliyemuuzia mlowezi wa Molo misumari, unga na mafuta ya taa alikuwa amejenga kwa mawe yaleyale, pengine kwa gharama kubwa zaidi, juu ya ardhi iliyopewa sehemu ya kumi ya umri.

Waafrika walikuwa chini zaidi. Uamuzi wa Jaji Mkuu Barth wa 1921 ulieleza kwamba sheria ya 1915 na hatua ya 1920 ya kuifanya nchi kuwa koloni viliwaacha Waafrika wakiwa wapangaji wa Taji wanaoweza kuondolewa wakati wowote. Kwenye mashamba ya Molo, Njoro na Mau walikaa kama maskwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, naye aruhusiwe kulima kipande na kulisha mifugo yake. Sheria zilizofuata, hasa ile ya 1937, ziliongeza siku za kazi na kupunguza ng'ombe. Haki ya skwota kukaa ilikwenda na mkataba wake wa kazi. Mkataba usipofanywa upya, alifungasha. Miaka 999, miaka 99 na mkataba wa kibarua vilikuwa vimepangwa katika wilaya moja, na muda aliopewa mtu ulieleza cheo chake kuliko ulivyoeleza ubora wa udongo.

Mgogoro mzito zaidi juu ya jambo hili ulizuka ndani ya Kuresoi yenyewe, Olenguruone. Kuanzia 1941 serikali iliwaweka hapo Wakikuyu waliokuwa wameondolewa kwenye ardhi ya Wamaasai na kwenye mashamba ya walowezi. Mahali penyewe pana baridi na mvua nyingi, juu ya Mau, na mahindi huko hukawia kukomaa. Maofisa waliwachukulia watu hao kuwa wapangaji wa mpango wa serikali: walipaswa kukubali masharti ya kilimo, mipaka ya mifugo na kanuni za urithi, na anayekaidi aondolewe. Wao waliona vingine kabisa. Wengi walitoka katika familia zilizopoteza ardhi Kiambu, na kwao Olenguruone ilikuwa fidia, ardhi ya kurithiwa na watoto wote, isiyohitaji ruhusa ya mtu. Walikataa kutia saini masharti, wakafungwa pamoja kwa kiapo walichokula wanaume, wanawake na vijana, na wakaendelea kulima walivyotaka. Serikali ilichoma nyumba, ikakamata mifugo, na kufikia 1950 ilikuwa imewaondoa. Wengi walipelekwa Yatta, nchi kavu ya Machakos. Wanahistoria, Tabitha Kanogo akiwa miongoni mwao, wameonyesha jinsi kiapo cha Olenguruone kilivyotangulia viapo vya umma vya Mau Mau. Chanzo chake kilikuwa swali ambalo mwenye fleti yeyote angelielewa: aliyepo hapa ni mwenyewe au ni mpangaji, na nani ana haki ya kuandika masharti?

Ukoloni ulipokaribia kwisha, walowezi walitafuta hata zaidi ya miaka 999. Kanuni za 1960 ziliruhusu lizi za mashamba kubadilishwa kuwa milki huru, yaani hati isiyo na tarehe ya mwisho. Baada ya uhuru wa 1963 mashamba mengi ya Molo na Mau yalinunuliwa kupitia mipango ya makazi ya serikali, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi, kisha yakagawanywa ekari mbili mbili, tano tano. Ndiyo sababu mkulima mdogo wa viazi au pareto Kuresoi kwa kawaida ana hati ya milki huru, au anaisubiri, na hana lizi ya kuongeza. Isidhaniwe kwamba hati hiyo ilimletea usalama. Machafuko ya 1992, 1997 na 2007–2008 yaliwatoa maelfu ya watu wa eneo hilo mashambani mwao, na hati zilizotolewa kwenye sehemu za msitu wa Mau zilikuja kupingwa na serikali ileile iliyozitoa. Waogiek nao walikwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, Arusha, iliyoamua Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao juu ya ardhi yao ya jadi. Lizi yenye mwaka wa mwisho ulioandikwa wazi ina tabia ya kuheshimiwa hadi mwaka huo. Ardhi isiyo na mwisho imewahi kuisha ghafla.

Mijini uhuru haukubadilisha mengi. Taji likawa Jamhuri, Sheria ya Ardhi ya Taji ikaitwa Sheria ya Ardhi ya Serikali, sura ya 280 ya sheria za Kenya, na lizi za miaka 99 zikaendelea kuhesabiwa bila kukatika. Tanganyika ilichagua njia tofauti. Mwaka 1963 ilizigeuza milki huru zote kuwa lizi za serikali, kisha mwaka 1969 zikawa hati za haki ya kumiliki, na hadi leo Mtanzania hupewa haki hiyo kwa miaka 33, 66 au 99. Uganda ilijaribu kufanya hivyo kwa amri ya mwaka 1975, halafu katiba ya 1995 ikairudisha milki huru na ardhi ya mailo, aina ya umiliki ya Uganda yenyewe. Kenya ilibaki na mchanganyiko: milki huru kijijini, lizi mjini.

Katika utaratibu wa zamani, aliyetaka kuongeza miaka alimwandikia Kamishna wa Ardhi, Nairobi. Barua ilizunguka kwa mpangaji wa miji, mpima ardhi, mthamini na halmashauri ya mji husika, na kila ofisi iliulizwa kama ina pingamizi. Halmashauri ya Manispaa ya Nakuru, kwa mfano, ingetaka kujua kama ada za kiwanja zimelipwa na kama barabara mpya haitapita hapo. Wote wakiridhika, lizi ya zamani ilisalimishwa na mpya ikatolewa kwa kodi iliyokadiriwa upya. Udhaifu ulikuwa mmoja na mkubwa: sheria haikumpa mwenye lizi haki ya kujibiwa. Kamishna angeweza kukaa na barua hadi tarehe ipite, na tarehe ikipita, kiwanja kilikuwa ardhi ya serikali inayoweza kugawiwa mtu mwingine. Miaka ya 1980 na 1990, ugawaji wa ardhi ya umma ulipokuwa njia ya kulipana fadhila za kisiasa, udhaifu huo ulikuwa hatari tupu. Tatizo lilianza kuonekana wazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu ya hesabu tu: lizi za mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa zimefika 99.

Kesi iliyoeleza hatari hiyo vizuri kuliko nyingine ilitoka Ngara, Nairobi. Familia moja ilikuwa na kiwanja ambacho lizi yake iliisha mwaka 2001. Walikuwa wameomba iongezwe, lakini kiwanja kikagawiwa kampuni nyingine, nayo ikakiuza. Safari ya mahakamani ilikuwa ndefu. Mahakama ya Juu iliamua Aprili 2025 kwamba, ingawa lizi ilikuwa imekwisha, wenye lizi ya awali walikuwa na matarajio halali ya kufikiriwa kwanza kabla ardhi haijapewa mgeni, na kwamba mnunuzi wa mwisho hakuweza kujificha nyuma ya hati iliyotokana na ugawaji mbovu. Familia nyingi zenye majengo ya zamani Nakuru zilisoma hukumu hiyo kama inayozungumzia mlango wao.

Kabla ya hukumu hiyo, sheria yenyewe ilikuwa imebadilika. Katiba ya 2010 iliifanya ardhi ya umma kuwa mali ya wananchi inayosimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na ibara ya 65 ikaweka kikomo: asiye raia hawezi kumiliki ardhi isipokuwa kwa lizi isiyozidi miaka 99. Siku katiba ilipoanza kutumika, Agosti 27, 2010, milki huru na lizi za miaka 999 zilizokuwa mikononi mwa wasio raia ziligeuka kuwa lizi za miaka 99. Kama 1915 ilikuwa siku ya ongezeko kubwa, hii ilikuwa siku ya punguzo kubwa, na ilifanywa kwa namna ileile: kwa sheria, kwa kundi zima, bila ombi la mtu. Jirani ya Kuresoi, kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kampuni za kigeni zilizozoea kuhesabu kwa karne zilianza kuhesabu kuelekea mwaka 2109.

Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, ndiyo iliyompa mwenye lizi kitu cha kushika. Lizi ikiisha na ardhi kurudi kwa serikali ya kitaifa au ya kaunti, lazima aliyekuwa nayo apewe nafasi ya kwanza, mradi awe raia wa Kenya na ardhi isiwe inahitajika kwa matumizi ya umma. Kilichokuwa hisani kikawa haki ya kutangulia, ingawa si haki ya kupata kwa vyovyote. Ukabaki ugomvi wa ofisi: Tume na Wizara ya Ardhi zilivutana juu ya nani atie saini, na waombaji wakakwama katikati. Mahakama ya Juu ilitoa ushauri Desemba 2015 kwamba kutoa hati ni kazi ya Wizara. Kanuni za kuongeza na kufanya upya lizi, zilizotangazwa mwaka 2017, zikapanga hatua. Tume inatakiwa kumjulisha mwenye lizi ndani ya miaka 5 ya mwisho kwamba muda unakaribia kwisha na kwamba ana haki ya kuomba. Kaunti huulizwa maoni, na anayekataliwa ana njia ya kukata rufaa. Kwa vitendo, kungoja barua ya Tume si busara. Anwani nyingi kwenye hati za zamani ni masanduku ya posta ya watu waliokufa, na benki huanza kusita kukopesha muda mrefu kabla ya mwaka wa mwisho kuwadia.

Mwenye fleti ana tatizo ambalo mwenye nyumba ya peke yake hana. Kwa miongo mingi fleti za Kenya ziliuzwa kwa lizi ndogo. Mjenzi alikuwa na lizi kuu kutoka kwa serikali. Akamkatia kila mnunuzi lizi ndogo ya miaka iliyobaki, kasoro siku chache, ili lizi kuu isife kabla ya ndogo. Kisha ikaundwa kampuni ya usimamizi, kila mwenye fleti akiwa na hisa, na fleti zote zikishauzwa, lizi kuu ikahamishiwa kampuni hiyo. Maana yake ni kwamba mwenye fleti hawezi kwenda Wizarani kuongeza miaka ya ghorofa ya tatu peke yake. Lizi kuu lazima iongezwe kwanza, na mwombaji ni kampuni. Kampuni ikiwa imelala, wakurugenzi wamehama, hesabu hazijawasilishwa, au mjenzi hakuwahi kukabidhi lizi kuu, wenye fleti wote wanabaki na hati zinazoyeyuka kwa pamoja. Ugomvi wa takataka na taa za ngazi, ambao ndio shughuli ya kawaida ya kampuni hizi, ni mdogo sana ukilinganishwa na huu, lakini huu haupigi kelele.

Kuna mtego mwingine ndani ya ibara ya 65. Kampuni huhesabiwa kuwa raia ikiwa tu inamilikiwa yote na raia. Ukiyasoma maneno hayo yalivyo, fleti moja kati ya 20 ikinunuliwa na mgeni na hisa yake ikaandikwa kwa jina lake, kampuni nzima inaweza kuacha kuwa raia, na nafasi ya kwanza ya kifungu cha 13 ni ya raia. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia wa nchi mbili, lakini Mkenya wa ughaibuni aliyechukua uraia mwingine kabla ya hapo hana budi kuomba uraia wake wa kuzaliwa urudishwe. Fleti za Nakuru zimekuwa kipenzi cha watu wa ughaibuni, kwa hiyo jambo hili si la kubuni.

Bunge lilijaribu kuondoa mfumo wa lizi ndogo mara mbili. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 1987 ilimwezesha mwenye fleti kupata hati yake kamili pamoja na sehemu ya ardhi ya pamoja, lakini ilidai lizi kuu iwe na angalau miaka 45 iliyobaki, na wajenzi wengi hawakuijali. Sheria ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba 28 mwaka huo, iliishusha miaka hiyo hadi 21, ikaagiza lizi ndogo za zamani zibadilishwe, na ikaweka shirika la wenye fleti mahali pa kampuni ya usimamizi. Kubadilisha, hata hivyo, si kuongeza. Hati mpya ya fleti kwenye ardhi ya lizi hubeba miaka ileile iliyobaki kwenye lizi kuu, na jengo lililobakiwa na miaka chini ya 21 halina budi kuiongeza kwanza ndipo liingie kwenye mfumo mpya.

Uingereza, ilikotoka lizi yenyewe, ilitatua jambo hili kwa njia ambayo Kenya haikuiga. Huko mwenye ardhi mara nyingi ni mtu binafsi au kampuni. Sheria ya 1967 iliwapa wenye nyumba haki ya kuongeza miaka 50. Ya 1993 ikawapa wenye fleti haki ya kuongeza miaka 90 kwa kumlipa mwenye ardhi fidia inayokokotolewa. Ya 2024 ikapitishwa ili ongezeko liwe miaka 990. Mwenye fleti wa London hulazimisha, kisha hubishania bei. Wa Nakuru huomba, naye hubishania jibu. Tofauti hiyo inatokana na mwaka 1902. Serikali ya Kenya ilirithi nafasi ya Taji, na ni vigumu kwa sheria kumlazimisha mgawaji wa ardhi ya umma auze haki yake kama mwenye nyumba wa kawaida, hasa mahali ambapo swali la ardhi hiyo ilikuwa ya nani kabla ya Taji bado halijafungwa.

Nakuru ilitangazwa kuwa jiji Desemba 1, 2021, na ghorofa zinaota kuelekea Njoro na Kiamunyi kwenye mashamba yaliyokuwa ya walowezi. Shamba la milki huru likigeuzwa kuwa la biashara au fleti nyingi, mara nyingi mwenyewe hutakiwa kuisalimisha milki huru na kupewa lizi ya miaka 99. Hesabu iliyokuwa imesimama huanza tena: ardhi iliyopanda kutoka 99 hadi 999 na kisha hadi milki huru hurudi 99 siku inapoamua kuwa mji. Wanunuzi wa fleti mpya hawalioni hilo kuwa tatizo, kwa kuwa miaka ni mingi. Tatizo ni la wajukuu.

Kuresoi yenyewe haijafika huko. Katika vituo vya biashara vya Keringet, Olenguruone na Mau Summit, ploti nyingi za maduka zilianzia kwenye barua za ugawaji kutoka kwa baraza la zamani la wilaya, na baadhi ya wenyewe wamejenga ghorofa juu ya barua hiyo bila lizi iliyosajiliwa. Septemba 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi, katika kesi ya kampuni ya Torino, kwamba barua ya ugawaji ni ahadi tu na haimpi mtu umiliki hadi masharti yake yatimizwe na hati isajiliwe. Mwenye ploti wa aina hiyo hana miaka ya kuongeza, kwa sababu miaka yake haijaanza. Kazi yake ya kwanza ni kulipa anachodaiwa katika barua, kuhakikisha ploti imepimwa na ramani imekubaliwa, kisha kufuatilia lizi isajiliwe kwa jina lake katika ofisi ya ardhi. Tarehe itakayoandikwa kwenye lizi hiyo ndiyo wajao watakayoihesabia.